Kuku wa Kambo kwenye Gare ya Kasungwe

Kanisa dogo lililo nyuma ya nyumba yangu hapa Lubumbashi halina kengele. Lina kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini kwa waya, na kila Jumapili asubuhi mzee mmoja hukigonga kwa chuma mpaka mbwa wa mtaa mzima wanalia. Majirani zangu hulalamika. Mimi huacha kisu na kitunguu mezani, nikasimama tu jikoni. Sauti ile inapoanza hunijia harufu ya makaa ya mawe, ya mafuta ya mashine na ya chokaa iliyopakwa juzi, na kabla sijajua ninafanya nini nimeshafuta mikono kwenye kitenge, tayari kukimbilia treni ambayo haipo tena.

Treni hiyo ilikuwa ikipita Kasungwe. Ukienda leo kuulizia Kasungwe utaonyeshwa shamba la mahindi, na mwenye shamba atakushangaa. Lakini zamani, nilipokuwa mtoto na mji huu ukiitwa Élisabethville, palikuwa na gare pale, kwenye tawi la reli liendalo Kipushi. Nasema gare, yaani stesheni, kwa sababu sote tulisema hivyo, hata wale ambao hawakujua neno jingine la Kifaransa. Wazee walisimulia kwamba mwanzoni palikuwa mahali pa kupakia kuni na makaa ya kupeleka mjini, basi. Halafu ikajengwa nyumba ya matofali mekundu, likasimamishwa tangi la maji juu ya miguu ya chuma, akaletwa Mzungu wa kusimamia. Huyo alikaa na mke wake na mbwa wake, akachoshwa na ukimya, akaomba ahamishwe. Baada yake wakamweka baba yangu.

Baba aliipenda ile gare, na sioni haya kusema kwamba wakati mwingine nilimwonea wivu huyo mpenzi wake wa matofali. Alipaka chokaa mawe yote ya ukingoni mwa jukwaa. Alipanda maua mekundu kuzunguka miguu ya tangi, akayamwagilia kwa maji yaleyale ya mashine za treni. Yeye mwenyewe alizaliwa kaskazini, upande wa Waluba. Mama alikuwa Mlamba wa Sakania, kule mpakani, ambako baba alifanya kazi ya reli alipokuwa kijana. Hapo Kasungwe hatukuwa na ukoo wala shamba. Nyumba tuliyolala ilikuja pamoja na kazi, na siku kazi ikiondoka nyumba nayo ingeondoka. Mama alitukumbusha hilo kila alipotukuta tumechora ukutani kwa makaa.

Palikuwa na mahali pawili pa kungojea treni. Sisi weusi tulikuwa na paa la mabati lisilo na kuta. Wazungu walikuwa na chumba chenye mlango, dirisha na benchi la kuegemea, na kwa kuwa Mzungu wa kushukia Kasungwe alikuwa haba, benchi hilo halikukaliwa na mtu. Hata hivyo mama alilifuta vumbi kila siku. Mimi na wadogo zangu tulichungulia dirishani tukilitamani, na kama ningekamatwa nimelikalia, sijui baba angenifanya nini.

Kazi ya baba ilikuwa na sheria nyingi, lakini kubwa ilikuwa moja, nasi tuliijua kabla ya kujua Baba Yetu. Treni ikiwa imesimama, mwenye gare hatoki jukwaani. Reli ilikuwa moja tu, na treni za mawe ya shaba zilitoka Kipushi kwa njia ileile, kwa hiyo dereva hakuthubutu kuondoka mpaka aone bendera ya kijani. Na bendera hiyo ilitakiwa iwe mkononi mwa baba, au mkononi mwa kapita, yaani msimamizi wa vibarua wa reli, siku ambazo baba hayupo. Mkono mwingine haukukubalika.

Sasa lazima niwaeleze jambo la nyumbani, la sivyo hamtaelewa kilichompata baba. Kwetu, kwa Waluba na kwa Walamba pia, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani. Akimwona anakuja njiani, huingia majanini. Hamtaji jina, hapiti kivuli chake, hali chakula mbele yake. Si chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote, na anayeivunja hana uso tena mbele ya watu. Mimi nilijua nusu hiyo tu ya desturi, ile ya kujificha, kwa sababu watoto huipenda: ni mchezo ambao watu wazima wanaucheza bila kucheka. Nusu ya pili sikuambiwa.

Kambo yangu, yaani mama yake mama, alikaa Sakania na alikuwa mwanamke mgumu. Alitaka binti yake aolewe na mtu wa karibu, mtu ambaye ukoo wake unajulikana hadi kaburi la mwisho. Badala yake alikuja kijana wa kaskazini mwenye kofia ya reli, akamchukua mtoto na kumpeleka mbali. Kambo hakumsamehe. Hakuwahi kufika kwetu. Miaka yote hiyo baba alimtumia chumvi, sabuni na vitenge kwa mikono ya wasafiri, na hakuwahi kumwona hata kwa mbali.

Ndipo msafiri mmoja akaleta habari kwamba Kambo anakuja Jumapili. Nyumba iliwehuka. Mama aliosha sakafu mara mbili. Baba akaenda kumwona kapita, wakapatana kwamba Jumapili kapita atashika bendera, naye baba atakuwa mbali kabisa, huko kwenye kibanda cha wafanyakazi wa reli, mpaka Kambo atakapoondoka. Kila kitu kilikuwa kimepangwa. Kambo akaja Jumamosi.

Ilikuwa karibu na adhuhuri. Baba alikwishagonga kile kipande cha reli kilichotangaza treni, watu wamejaa chini ya mabati, mama ana beseni lake la karanga na mimi nimeshika mkia wa kitenge chake. Treni ikaingia, ikapumua, ikasimama. Watu wakaanza kushuka. Mara nikasikia mama akipiga kelele, "Yee! Mama yangu!" Nikatazama. Kikongwe mnene alikuwa akishuka kinyumenyume kutoka behewa letu la nyuma, kikapu kichwani, kuku mweupe kwapani, akimgombeza kila aliyejaribu kumsaidia.

Baba naye alisikia. Alikuwa katikati ya jukwaa na bendera zake mbili. Mbele yake treni. Upande wa nyumba alikuwa Kambo. Nilimwona akigeuza kichwa huku na huku, kisha mtu yule mrefu, mwenye vifungo vya shaba ambavyo mama alivisugua kila jioni, akainama na kupotelea nyuma ya tangi, kwenye maua yake.

Abiria wote waliona, na wote walielewa. Madirisha yalijaa vichwa. "Chefu!" walimwita kwa kicheko. "Toka, chefu! Mukwe hakulake bantu!" Yaani mama mkwe hali watu. Mwanzoni ilikuwa furaha tupu. Mama alimshika Kambo mkono amwondoshe haraka, na kama Kambo angekuwa na miguu ya kutembea mambo yangeishia hapo. Lakini safari ilikuwa imemvimbisha miguu. Alijifunika kitenge kichwani ili asimwone mkwe wake hata kwa bahati mbaya, akajitua kwa uzito wote juu ya furushi lake, palepale jukwaani.

"Mama, tuende. Tuende mbio," mama alimsihi.

"Wacha nipumuzike kwanza. Miguu inakufa. Ile treni itaenda yenyewe, haiko ya kwangu."

Hakujua habari za bendera. Angejuaje? Dereva akapiga filimbi. Akapiga tena, ndefu zaidi. Mama akaniinamia sikioni, nami nikakimbilia nyuma ya tangi. Baba alikuwa amechuchumaa, bendera zimelala magotini, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola.

"Baba, mashinisti iko anangoya bendera."

"Najua. Uambie mama yako amupitishe kule nyuma ya nyumba. Ningoye kiloko tu."

Ningoye kiloko, yaani acha ningoje kidogo. Nilirudi na ujumbe huo, nikakuta vicheko vimekatika. Kutoka behewa la mbele alikuwa ameshuka Mzungu mwenye kofia nyeupe, mkubwa wa reli, ambaye siku hiyo alikuwa akisafiri tu kwenda Kipushi. Aliuliza mwenye gare yuko wapi. Vichwa vingine vikarudi ndani. Aliuliza tena, na mwanamume mmoja dirishani akasema kwa sauti ya kuomba, "Bwana, mukwe wake njo ule pale. Hawezi kutoka." Mzungu alimtazama Kambo, akatazama treni, akatazama saa yake. Nadhani alielewa maneno. Jambo lenyewe sidhani.

Katika kuhangaika kumwinua Kambo, kuku akamponyoka mama. Akakata jukwaa mbio, akaingia mlango wa chumba cha Wazungu uliokuwa wazi, akaruka juu ya benchi na kutulia. Miaka yote tuliyokaa Kasungwe, huyo ndiye abiria wa kwanza niliyemwona akilikalia. Hakuna aliyecheka, na mpaka leo nikisimulia sehemu hii kwa wajukuu huwa sijui kama nicheke.

Mzungu alikwenda moja kwa moja nyuma ya tangi. Nilisikia sauti yake ikipanda. Kisha baba akatoka. Alikuwa amejifunika uso kwa bendera nyekundu, ameishika kwa mkono wa kushoto kama kitambaa cha mgonjwa, na kwa mkono wa kulia alikuwa akiinua ile ya kijani, akitembea kwa kupapasa na miguu. Dereva akaona nyekundu na kijani kwa wakati mmoja. Nyekundu ni kusimama, kwa hiyo hakusogea. Mzungu akampigia kelele dereva, dereva akaonyesha kidole bendera. Ndipo yule Mzungu akaishika nyekundu na kuivuta kutoka usoni mwa baba.

Baba alikuwa amefumba macho. Aligeuza mgongo upande aliodhani Kambo yupo, akainua kijani juu kabisa, akabaki hivyo. Kambo alikuwa amejifunika kitenge mpaka kiunoni. Treni ikaondoka. Hapakuwa na mtu aliyemwona mwenzake.

Usiku huo baba alilala kwa kapita. Kambo alikaa jikoni kwetu, hakuonja bukari, yaani ugali, wala sombe ya majani ya mhogo ambayo mama alimpikia. Mama alimweleza kazi ya bendera, na sheria, na nyumba. Kambo alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Basi mi nilikuya kuharibu kazi ya mutoto wa bantu." Asubuhi yake kapita ndiye aliyesimamisha treni, na Kambo akapanda kurudi Sakania na kikapu chake alichokuja nacho, bila kukifungua. Alimwacha kuku. Alimwambia mama mbele yangu, "Hii kuku musiichinje. Mpaka nirudie miye mwenyewe."

Yaliyofuata yalikuja polepole, bila kelele. Akaja mtu kuchukua funguo, bendera na kofia. Baba akapelekwa mjini, kwenye uwanja mkubwa wa reli, kubeba mataruma, yale magogo ya kulazia reli, begani pamoja na vijana. Sisi tukaingia chumba kimoja kwenye kambi ya wafanyakazi, ukuta kwa ukuta na watu, mama na masufuria yake na watoto na yule kuku. Mama alikuwa amezoea kulalamika juu ya michoro ya makaa. Huko kambini tuliruhusiwa kuchora tulivyotaka.

Kasungwe haikupewa mtu mwingine. Lilibaki bango la jina, na treni ilisimama ikiwa kuna mtu wa kuipungia mkono. Sitaki kusema kwamba gare ilikufa kwa sababu ya bibi kizee na kuku. Barabara ya Kipushi ilikuwa ikitengenezwa, malori yalikuwa yakiongezeka, na wauza makaa walikwishaanza kuhamia kando ya barabara. Lakini mahali pasipo mtu wa kupaka mawe chokaa husahaulika upesi. Baadaye treni ikawa inapita bila kusimama. Tangi likang'olewa. Matofali yakabebwa moja moja, na ninaamini nusu ya majiko ya vijiji vya karibu yamejengwa kwa gare ya baba. Mara ya mwisho nilipopita, bado nilikuwa msichana, nililiona benchi la Wazungu limekaa nje kwenye mvua, na nililia kwa ajili ya benchi, maana sikujua nililie nini kingine.

Kuku yule aliishi. Jamani, aliishi! Kambini nyama ilikuwa kitu cha Noeli na Pasaka, na sisi watoto tulimtazama akipita mlangoni, mnene, mweupe, tukameza mate. Mama alinunua samaki wakavu sokoni huku kuku mzima akijitembelea nyumbani. Majirani walitutania kwamba tumeoa kuku. Baba ndiye aliyemlisha, kwa ukoko wa bukari aliouvunja kwa vidole vyenye malengelenge, kila jioni akirudi kazini, kabla hata ya kunawa.

Masika moja msafiri wa Sakania alileta habari kwamba Kambo amefariki. Mama alilia mpaka sauti ikakauka. Walikwenda wote wawili kwenye kilio, wakarudi, na mama akasema labda sasa wamchinje yule kuku, jambo liishe. Baba akatikisa kichwa. "Nani ataniitia?" aliuliza. Mama akarudi jikoni. Sikulielewa swali hilo. Kuku akaendelea kuzeeka mpaka akapofuka jicho, na asubuhi moja tukamkuta amelala chini ya gogo, ameshakuwa mgumu. Baba alichimba shimo nyuma ya jiko, akamfunika kwa udongo, akaukanyaga vizuri. Majirani walisema kazi ya mataruma imemwingia kichwani. Mimi nilikimbia kuwahi shule ili nisionekane ni wa nyumba ile.

Niliolewa, na mwaka haujaisha mama akamwita mume wangu. Alichinja kuku, akapika bukari nyeupe, akakusanya mashahidi wachache, akamwita mkwe wake kwa jina lake mbele ya watu, akamkaribisha ndani, wakala. Tangu saa ile waliweza kuonana na kuzungumza. Wakwe zangu walinong'ona kwamba amefanya haraka mno, kwamba watu wengine hungoja watoto wazaliwe kwanza. Jioni tukiosha vyombo nilimuuliza kwa nini haraka vile.

"Juu sipendi kuchelewa," alisema. Kisha akasimama na sahani mkononi. "Mama yangu alichelewaka. Ile kuku ilikuwaka ya baba yako."

Basi hiyo ndiyo nusu ya pili niliyokuwa sikuambiwa. Kujificha hakudumu milele. Kuna siku mama mkwe mwenyewe, na hakuna mwingine, hulifungua jambo kwa mkono wake: huchinja, hupika, humwita mkwe wake ndani. Kambo alikuwa amekataa kumfungulia baba miaka yote ile. Alipohisi mwili umeanza kumchoka, moyo wake ukalegea, na hakuweza tena kungoja Jumapili. Kikapuni alikuwa na unga wake mwenyewe na vinkubala, viwavi vikavu ambavyo aliambiwa baba anavipenda. Alikuja kumlisha. Na alipokwisha kumwangusha, aliona haya kumpa mtu chakula juu ya hasara aliyomletea, akasema atarudi siku nyingine.

Nilikwenda kwa baba. Alikuwa amestaafu, amekaa mlangoni na redio. Miaka yote nilikuwa nimebeba moyoni picha ya mtu mzima aliyejificha kwenye maua kwa woga, na picha hiyo iliniuma, kwa sababu kama angesimama tu pale jukwaani tungebaki na gare yetu. Nilimuuliza kama alijua Kambo alikuja kufanya nini. Nilitaka aseme hakujua. Ingekuwa rahisi kwangu.

Alizima redio.

"Chini ya tangi nilionaka paka miguu yake," alisema. Yaani miguu tu. "Ile mama hakuvalaka biatu hata siku moja, mama yako alinielezaka. Ile siku alikuwa na biatu ya mupya, kamba hazifungwe. Na kuku mweupe. Nikajua: leo anakuya kuniitia ndani."

"Na haukutoka?"

Alinitazama kwa mshangao, kana kwamba mimi ndiye niliyezaliwa nchi nyingine.

"Ningetoka namna gani, mwanangu, naye hajaniita bado? Alikuwa amefika. Nikasema, ningoye kiloko."